Karoti za Hisa Yetu

Jumamosi, 4 Mei
Mgongo sina. Kumbe kununua hisa ya mavuno si kulipa tu na kusubiri kapu — mwenye hisa lazima apalilie siku moja! Nimepalilia matuta mawili peke yangu, nimeacha udongo mtupu. Wifi yangu kutwa kivulini na simu. Mwenye shamba, Mama Shamba tunamwita, alikwenda kufuata mbolea. Hakuona nani kafanya kazi na nani kapiga soga.

Jumamosi, 13 Julai
Mchicha tena! Wiki ya sita. Karoti tuliahidiwa, zimo kwenye karatasi tuliyosaini. Mama Shamba anasema msimu huu hazipo, wenye hisa hugawana neema na hasara. Hasara gani? Mvua imenyesha vizuri. Anatuona mabwege. Anaziuza sokoni, sina shaka, na nimewaambia wenzangu palepale langoni. Wote kumi na wanane wamenichagua msemaji. Jumamosi ijayo tunajitoa kwa pamoja. Mume wangu ananiambia nipunguze jazba, bila sisi yule mama atauza shamba. Auze!

Jumatano, 17 Julai
Nimempelekea Mama Shamba barua ya kujitoa. Hayupo. Nikaingia shambani kutafuta ushahidi. Kila tuta lina kibao: vitunguu, maharage, mchicha. Matuta mawili karibu na tangi — yangu yale! — hayana kitu. Kibao kimeandikwa karoti.

Sasa mche wa karoti unafananaje na magugu kiasi kile? Vijani kama nyuzi! Na kibao gani hicho, hakifiki hata kifundo cha mguu? Nani alimwambia amwachie fundi cherehani kama mimi shamba? Nimelia kwa hasira njia nzima. Barua imo mkobani. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 20 Julai
Naandika nyuma ya banda la makapu. Wamekuja wote. Wifi ndiye mkali kupita wote, anamwita mama wa watu mwizi, na yeye anaendelea kupanga makapu. Nikamvuta Mama Shamba pembeni, nikamuuliza kama anajua nani aliyeng'oa karoti.

"Nilijua siku ileile, mwanangu. Jina lako lilikuwa kwenye daftari la palizi. Ulivyojituma, nikaona aibu kukwambia."

Aone aibu yeye! Miezi miwili anajua, wiki nzima anatukanwa kwa ajili yangu, na amenyamaza! Nani alimwomba? Nina hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa karoti. Hasira na nafsi yangu pia, tena zaidi.

Wananiita nikasome barua. Wifi ameshapindua kreti nisimame juu, wote wanione vizuri.