Kinanda cha Bibi na Mgongo wa Mfaume

Jumatatu, 5 Juni 1911
Asubuhi nimenakili kodi za kisiwa cha Juani mpaka mkono ukafa ganzi. Adhuhuri nikaenda kwenye kinanda cha mke wa Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa wilaya hii. Kila siku hivyo, tangu Bibi ateguke kifundo cha mkono pale ngazini. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam, na wa kumpigia ni mimi, karani, kwa kuwa nilijifunza kinanda shuleni Tanga.

Bibi anasema muziki huu ni wa kati. Si wa watoto, si wa mafundi. Kati ya wapi na wapi? Ukurasa wa kwanza nimeuweza upesi. Wa pili ni balaa. Mkono wa kulia unaimba taratibu, hauna neno. Wa kushoto unaruka kutoka sauti nene kabisa hadi katikati, unarudi, unaruka tena, bila kupumzika. Nikitazama mkono, noti zinanipotea. Nikitazama noti, mkono unaanguka pasipo pake. Na kibao kimoja cheusi kinanasa kwa unyevu.

Jumatano, 7 Juni
Kaka yangu Mfaume amekamatwa. Askari walikwenda Juani kutafuta watu wa kazi ya barabara. Mmoja akaingia uani kwetu bila hodi, shemeji yangu yuko anaoga. Mfaume akamsukuma. Askari akaanguka, jino likavunjika. Wamemvusha hapa kisiwani Chole amefungwa kamba.

Nilikuwa mezani kwangu alipopitishwa. Hakunitazama. Naona afadhali.

Alhamisi, 8 Juni
Shauri limesikilizwa asubuhi. Halikuchukua muda. Miezi miwili ya mnyororo, na hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Viboko vitapigwa mgeni akishaondoka, maana Bwana Shauri hataki makelele wakati wa karamu. Nimeandika hukumu kwa mkono wangu. Mwandiko umetoka mzuri. Nimeuchukia.

Mchana, kinanda. Sikuweza hata ukurasa wa kwanza. Bibi akauliza nina nini, nikamwambia. Akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe piga vizuri. Bwana furaha, mimi sema naye."

Basi ndiyo hivyo. Mgongo wa kaka yangu uko ukurasa wa pili.

Jumamosi, 10 Juni
Mkono wa kushoto peke yake. Polepole kama mtu anayekanyaga miiba. Halafu nimefumba macho niujue umbali kwa bega, si kwa jicho. Mara nne unakaa, mara ya tano unakosa. Narudia. Unakosa.

Wafungwa wanabeba mawe ya ukuta nyuma ya nyumba. Mnyororo nausikia mpaka kwenye kiti. Wakipita, mwendo wangu unafuata wao. Nimesimama nikafunga dirisha. Bibi akalifungua, joto.

Jumapili, 11 Juni
Nimempelekea Mfaume wali na papa. Askari wa mlangoni namfahamu, akaniacha nikae.

Amekonda shingo. Alikula kidogo, kisha akauliza, "Ni wewe unayegonga kile kitu?"
"Ni mimi, kaka."
"Kuna mahali unajikwaa. Palepale kila siku. Wenzangu wanapangojea, ukijikwaa wanacheka."

Nikamweleza sababu. Nilidhani atafurahi. Aliweka sahani chini.

"Mgongo ni wangu, Bakari. Ulikuja kuniuliza?"
"Ungesema nini?"
"Ningesema usimwombe mtu wa nyumba ile kitu chochote. Yule askari aliingia uani kwa mke wangu. Mimi sina kosa la kuombewa."

Sahani nimerudi nayo nusu.

Jumanne, 13 Juni
Bibi ameona ninavyotaabika. Ametoa shauri: turuke ukurasa wa pili, tutoke wa kwanza twende wa mwisho. Mgeni hatajua. Lakini Bwana Shauri atajua, muziki huu aliusikia kwao tangu utoto. Nikiruka, sina uso wa kuomba. Nikipiga nikaharibu, ndiyo kabisa.

Nimesema nitapiga wote.

Jambo moja nimelifahamu leo. Ugumu si kule kuruka. Ugumu ni kwamba nikikosa nasimama nisahihishe. Nikikosa nikaendelea, kosa halionekani sana. Sijui kama mwili wangu utakubali.

Alhamisi, 15 Juni
Mama amevuka kutoka Juani. Nimemweleza, pamoja na maneno ya Mfaume. Akasema, "Yeye aseme atakavyo. Wewe piga." Kisha akalia. Sijapata kumwona akilia.

Vidole vinauma.

Jumamosi, 17 Juni
Nimepiga.

Wazungu sita, moshi wa sigara, mgeni mnene anayezungumza bila kukoma. Alizungumza ukurasa wa kwanza wote. Niliingia wa pili na jasho machoni. Mruko wa tatu nikakosa, sauti mbaya kabisa. Sikusimama. Mgeni hakugeuka. Bwana Shauri aligeuka, akanitazama, kisha akafumba macho mpaka mwisho. Walipiga makofi.

Jumapili, 18 Juni
Kimya. Bibi hakutoka nje. Nilizunguka boma kama mwizi.

Jumatatu, 19 Juni
Mgeni ameondoka alfajiri. Saa tatu nikaitwa.

Bwana Shauri alikuwa akisoma, hakuinua kichwa. "Bibi amesema nami. Viboko basi, havitapigwa. Mnyororo unabaki. Na wewe, karani, kila Jumamosi utapiga hapa mpaka ndugu yako atoke."

Nikasema ahsante. Neno lilikuwa chungu, lakini nililisema.

Nilimkuta Mfaume kwenye mawe. Nilimwambia yote, na habari ya Jumamosi. Akajifuta uso. "Mama anajua?" Nikasema nakwenda kumwambia sasa. "Nenda mbio," akasema. Akainama kushika jiwe lake.

Jumamosi, 29 Julai
Nimepiga. Hakuna aliyesikiliza. Bwana Shauri alisinzia. Ukurasa wa pili sasa nauweza nikiwa nafikiria mambo mengine, na sioni raha yoyote.

Jumapili, 13 Agosti
Niko Juani tangu jana. Mfaume ametoka Alhamisi. Bibi ameshaweka muziki mwingine kwenye kinanda, mgumu kidogo kuliko ule. Nimemwambia Ramadhani inakaribia, nitapumzika. Ameniacha niende.

Paa la nyumba ya Mfaume limeoza upande mmoja, hakukuwa na mwanamume wa kupanda. Asubuhi Mama alimpaka mafuta kwenye vifundo vya miguu, ngozi bado nyeusi kwa mnyororo. Kisha Mfaume akapanda juu ya paa, akaniita nimpe makuti. Nilimrushia, yakawa yanaanguka. Akaniambia nipande nikae karibu naye, nimshikie huku yeye akifunga.

Tumefanya hivyo mpaka adhuhuri. Hakuzungumza habari ya boma, wala mimi. Mara moja aliniuliza kama kamba inanikata vidole. Nikasema hapana. Shemeji akaita kutoka chini kwamba chakula tayari. Tukateremka.