Maji ya Kifusi

Abti,

Assalamu aleikum. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia shuleni, na pia kwa Kisomali ningeona haya zaidi. Wewe ulikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama, na kwa desturi yetu uliniita mimi abti vilevile. Tangu tukuzike kule Garissa hakuna aliyeniita hivyo.

Kuna jambo nilikuficha. Ni kuhusu lile darasa tulilojenga kijijini, mbele ya Dagahaley.

Unakumbuka ulivyokuwa mkali kuhusu kifusi? Mafundi wengine wanaona kujaza msingi ni kutupa udongo wowote mpaka ufike juu. Wewe hata ule tuliochimba palepale uliukataa, ukaagiza udongo mwekundu wa maramu kwa lori. Inchi sita, maji, shindilia. Inchi sita nyingine, maji, shindilia. Vibarua waliotoka Ukambani uliwaambia kwa Kiswahili chako: "Hii udongo nakunywa kwanza. Ikishiba, ndio unabiga." Walicheka, ukacheka nao, lakini aliyeruka maji ulimfukuza siku hiyohiyo.

Halafu ukaenda Garissa kutafuta saruji, ukaniachia kazi siku tatu. Kiangazi kilikuwa kikali. Tulikuwa na mapipa manane yaliyojazwa na boza, lile lori la maji, basi. Siku ya pili akatokea soddog, baba mkwe wangu, na ngamia wake. Nilikuwa nimemuoa Fatuma miezi minne tu. Wale ngamia mbavu zilihesabika. Mzee akanisalimia, akatazama mapipa. Hakuomba. Nilifungua mwenyewe, moja baada ya jingine. Ningemwambiaje mkwe wangu kwamba maji yale ni ya kunyweshea udongo?

Likabaki pipa moja. Tukajaza kifusi kikavu, vumbi mpaka machoni, tukashindilia hivyohivyo. Lile pipa nilimwagia safu ya juu kabisa, maana nilijua utafanya nini ukirudi. Ukarudi, ukavua kiatu, ukapiga kisigino hapa na pale, ukaniuliza, "Imekunywa yote?" Nikasema wallahi imekunywa yote. Nilikuapia, Abti. Ukanishika bega, ukasema, "Sasa naweza kuzeeka."

Hukuzeeka. Homa ilikuchukua kabla mvua haijaanza. Kabla hatujakusalia, sheikh aliuliza kama kuna mtu mwenye haki kwa marehemu. Hakuna aliyekudai. Hakuna aliyeuliza kama marehemu ana haki kwa mtu. Nikashika koleo pamoja na wenzangu, nikakufukia.

Ikaja ile mvua ya El Nino. Maji yakaingia chini ya sakafu, kifusi kikanywa kile nilichokinyima, kikashuka. Sakafu ikapasuka katikati na ukuta wa nyuma ukafuata. Alhamdulillahi watoto hawakuwamo. Kamati ya shule ikakaa, wakasema yule mzee alilipua kazi. Nilikuwepo, kikombe cha chai mkononi. Nikanywa chai. Yusuf, mwanao, akaomba kazi ya kukarabati, wakamwambia mtoto wa yule hapana. Wakanipa mimi, nami nikaipokea! Nilikuwa mtu wa namna gani?

Siku ya kuvunja nilipenyeza mkono chini ya zege, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Patupu. Nilikaa pale chini nikalia mbele ya vibarua, wakadhani nimejikata.

Jumatatu iliyopita niliomba kamati ikae tena, nikamwita Yusuf, nikasema yote, na kile kiapo nikakitaja. Soddog pia alikuwepo. Yusuf aliangalia mlango muda wote. Mzee akaniambia, "Hukuniambia maji ni ya kazi. Ungesema, ningewapeleka ngamia kisimani." Akainuka, akaacha chai yake.

Ndiyo hivyo, Abti. Maneno mawili matatu tu yalitakiwa, na yeye wala asingekasirika. Mimi nilitaka kuonekana mkwe mwema, nikalipa kwa jina lako. Bora ningekuwa na njaa ya tumbo, ya kumfanya mtu aibe, kuliko hii ya kusifiwa.

Kazi sasa ni ya Yusuf. Amenikubali niwe kibarua wake, ingawa salamu yangu bado haitikii. Mvua imekwisha, jua limerudi kama lile la siku zile. Leo asubuhi ngamia wa soddog wamefika wamebeba madumu ya maji kila ubavu. Mwenyewe hakuja. Mchungaji alisema ametumwa tu, akashusha, akaondoka.

Nakuahidi hivi: kila inchi sita maji nitamwaga mimi. Kisigino atapiga Yusuf, na akisema bado, nitachimbua. Na siku yoyote mtu akiuliza ni nani aliyeharibu lile darasa, hata nikiwa mzee wa mkongojo, nitajitaja kabla hajafika kwenye jina lako. Kiapo nimekitubia kwa Mwenyezi Mungu. Msamaha wako sijui niuombee wapi, ndiyo maana nimeandika.

Allah akurehemu, Abti, na kaburi lako alifanye pana. Kwaheri. Yusuf ameanza kuita maji. Naenda.