Mabano Yanawaka, Kaka

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya magodoro.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi. Habari za huko na baridi yake? Wifi hajambo? Na mapacha wangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi wazima, isipokuwa mdogo wetu Kinda, na habari yake inakuhusu. Ni ya macho. Isome yote kabla hujaanza kubisha, maana nakujua.

Unajua yule akiandika programu zake hataki mtu chumbani. Juzi aliniita mwenyewe, kafura. Kuna bano alilosahau kulifunga, halioni. Kwa kawaida akiweka kishale kwenye bano moja, mwenzake naye huwekewa rangi, ajue lipi linafunga lipi. "Wameiondoa rangi!" akafoka. "Wanasasisha mpaka wanaharibu!"

Mimi muuza dawa za mifugo, kompyuta naijulia kwa mbali. Lakini nilipoinama niliyaona mabano mawili yamewaka, kila moja ndani ya kisanduku cha kijivu.

"Si rangi hii hapa?"

"Wapi?"

"Hapa, kwenye kidole changu."

Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, bado haioni.

Unakumbuka baba alivyoanza. Aligombana na muuza balbu, akabadilisha taa za nyumba nzima, akalaumu hata rangi ya ukuta. Alipokubali kwenda kwa daktari, presha ya macho ilishakula karibu kila kitu.

Nilimburuta Kinda hospitali siku hiyohiyo. Ni ileile ya baba, ila imewahiwa. Alichopoteza hakirudi, lakini akitia matone bila kuruka, daktari ana matumaini kilichobaki kitabaki. Akaagiza watoto wote wa baba tupimwe. Mimi nimepimwa, niko salama. Umebaki wewe.

Sasa niambie, ulipopiga simu mwezi uliopita ulilalamika nini? Kwamba tangu usasishe, programu yako ya kuandikia haikuonyeshi tena mabano yanayolingana. Wewe na Kinda mkaitukana kampuni kwa sauti moja, nami nikawacheka. Kaka, mnatumia programu ileile. Rangi ipo, nimeiona mwenyewe. Naogopa.

Usijitibu kwa kukuza herufi. Weka kishale kwenye bano, mwite wifi, umuulize anaona nini. Halafu nenda ukapimwe, hata akisema naye haoni.

Kinda anakusalimu, ingawa amenuna kwa kuwa nimekusimulia. Wabusu mapacha kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde, na macho yako ayaangalie kwa namna ya pekee.

Baba nimemsomea barua hii. Akasema, "Mwambie zile balbu zilikuwa nzima."

Mdogo wako akupendaye, anayesubiri jibu la daktari, si lako,
Dada