Damu ya Kitovu cha Bashayer

Azaiba, Maskat
Ijumaa, 7 Februari 2025

Mpendwa Dada Kidawa,

Assalaam alaykum. Hujambo? Na shemeji Khalid, goti limempungua? Sisi tu wazima, ila mwanangu Azzam. Sikoseli, ugonjwa wake ule wa damu, imemlaza tena, mifupa inamuuma hata shuka hataki imguse.

Barua hii nampa rafiki yangu Jaifar, anakuja Unguja. Kwa simu n'singeweza. Ningekusikia tu "ehe, Sleyum, nambie", ningeishia kukupa habari za joto.

Dada, kila siku unauliza wifi yako Masouda ana nini, mbona simu zako hapokei. Jawabu nnalo. Ni mimi.

Binti yetu Bashayer alipokuwa anazaliwa, miaka miwili nyuma, daktari Noof alitaka kuchukua damu inayobaki kwenye kitovu, pengine itamfaa kaka yake. Masouda alikubali. Mimi, mwenzangu yumo kwenye uchungu, nikenda kumwambia daktari hatutaki. Nilimkumbuka mama akisema kondo na kitovu vizikwe vizima. Nikaogopa mtoto kuanza dunia kwa kupunguzwa. Nikalibeba kondo, nikalizika nyuma ya nyumba.

Masouda alipouliza, nikamjibu, "Dada Kidawa kakataza." Na wewe masikini uliniambia tu nifukie vizuri, paka wasifukue.

Juzi daktari kanichorea. Mtoto tumboni, mdogo kama punje ya mchele, mifupa bado, chembe zinabanduka kwenye ukuta wa ndani wa mshipa mkubwa, zinageuka mama wa damu. Zinahamia kwenye ini, mwisho kwenye mifupa. Siku ya kuzaliwa nyingine zingali zinapita kwenye kitovu, na hizo zingeweza kumtengenezea Azzam damu mpya.

"Damu tungechukua, na kondo lako ungezika vilevile," kaniambia. "Kwani hukuuliza?"

Sikuuliza, dada. Nilikimbilia jembe.

Vipimo vya Bashayer vimelingana na vya kaka yake, ila bado mdogo. Wanataka akue kidogo ndo wamtoe uboho wa mifupani, wamtilie kaka yake. Anayengoja kwa maumivu ni Azzam.

Jana nimemwambia Masouda kweli. Hakupiga kelele. Kasema, "Miaka miwili namnunia wifi yangu bure? Mwandikie yeye kwanza. Akikusamehe, ndo uje tuzungumze." Tangu hapo chai ananitilia, lakini hanisemeshi.

Nisalimie shemeji, na Bi Wadha jirani yako. Mungu akuwekee moyo wako mweupe, na Azzam muombee.

Masouda akikupigia, pokea, hata kama mimi hujanisamehe.

Nduguyo akupendaye, mwenye makosa,
Sleyum