Skana Ilivyomkataa Yoeli

Ijumaa, Singida mjini. Upepo wa mwezi wa saba unavuma tangu asubuhi, bati la jirani linagongagonga, na mimi nina baridi ambayo sweta haiiondoi. Nimefunga duka saa kumi. Sijawahi kufunga saa kumi.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Mnaonisoma mnajua nina kijiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, na kompyuta moja kuukuu niliyoinunua ofisi fulani ilipouza vitu vyake. Mafundi wanaicheka waziwazi. Mdogo wangu aliye Dar akaniletea skana ya negativu, zile filamu za picha za zamani, mpya kabisa, ili nizitoe upya picha za marehemu baba, aliyekuwa na studio ya picha Ikungi.

Mpya na kuukuu havikupatana. Sidii iliyokuja na skana iligoma kuingia kwenye kompyuta yangu. Siku nne nimechomeka, nimechomoa, nimezima, nimewasha, nimetukana. Mwishowe fundi wa intaneti kafe akapata huko mtandaoni programu ya zamani inayoendana na kompyuta za rika lake. Shida yake moja: ilikuwa ya Kijerumani tupu. Nikasema Kijerumani kitu gani, nitabonyeza nione kinachotokea. Kitabu cha maelezo nikakiweka kabatini bila hata kukifunua.

Jamani, kiburi changu.

Kazi ya kwanza ikawa ya Elisha wa Unyambwa. Alitaka picha ya mdogo wake Yoeli, uso peke yake, kubwa, ya kutia kwenye fremu, kwa ajili ya ibada ya Jumapili hii. Huku kwetu picha ya namna hiyo kila mtu anajua maana yake. Ndiyo inayotangulia mbele ya jeneza.

Yoeli alikwenda machimbo ya dhahabu ya Sekenke na rafiki zake wawili, enzi zile kila mwenye sururu alipoambiwa ruksa, kajaribu bahati yako. Shimo likawafunika. Wale wawili walitolewa wakazikwa. Yoeli hakuonekana. Mama yake akasema mwanangu hajafa, alitokea upande mwingine, atarudi. Msiba wake haujakaliwa mpaka leo, na mama huyo hajawahi kumlilia hata chozi moja. Elisha amechoka. Aliniambia, "Mama anakwisha kwa kungoja. Alie tu, yaishe."

Picha ya Yoeli iliyobaki ni moja, negativu nyeusi na nyeupe, baba yangu alipowapiga wote watatu wiki waliyoondoka.

Jumatano Elisha akamleta mama yake ashuhudie, akatuacha. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Nikamwekea kiti mbele ya kioo cha kompyuta.

Kwanza skana inatoa kipicha kidogo cha majaribio. Yoeli alikuwepo, kulia, mrefu kuliko wenzake. Kisha picha yenyewe ikaanza kuja, polepole, mstari kwa mstari kutoka kushoto, dakika kumi na moja nzima. Kijana wa kwanza akatokea. Mama akasema, "Huyu tulimzika." Wa pili akatokea. "Na huyu tulimzika." Halafu likaja bega la Yoeli, likaja shati, ikaja kola.

Juu ya kola palikuwa na ukuta.

Yaani ukuta wa studio, kijivu, laini, kama hakuna aliyewahi kusimama pale. Nikarudia. Kipicha kidogo, yupo. Picha kubwa, hayupo. Mara ya tatu vilevile. Wenzake wamesimama safi na nyuso zao, na yeye kola imeshika hewa.

Mama akacheka. Sijui nikielezeeje kicheko kile. Akanishika mkono akasema, "Umeona, mwanangu? Anachungulia, anaondoka. Amekataa kukaa na marehemu." Akaondoka anatembea kama msichana.

Mimi nilibaki sitaki kukaa na ile mashine chumba kimoja.

Jana nikaandika maneno yote ya kwenye kioo kwenye karatasi, nikampelekea mchungaji mstaafu aliyesomea Ujerumani. Akavaa miwani, akashuka na kidole, akasimama kwenye neno moja refu. "Hili ni kuondoa vumbi na mikwaruzo. Limewekwa alama?" Limewekwa. Lilikuja hivyohivyo, wala sikuligusa. Nikarudi, nikatoa kitabu kabatini, nikakuta imeandikwa kwa Kiingereza ninachokijua vizuri tu: usafishaji huo usitumike kwa negativu za zamani nyeusi na nyeupe, maana mashine inaweza kuona picha yenyewe ni uchafu ikaifuta. Kipicha cha majaribio hakisafishwi, ndiyo maana kwenye kile alikuwepo.

Uchafu. Mtoto wa watu.

Sawa, nimeelewa, na alama nimeiondoa. Lakini wote watatu wako kwenye negativu moja, mbona kafutwa yeye? Najiambia taa ya baba ilikuwa upande wake, ikampiga usoni kuliko wenzake, na penye mwanga mwingi ndipo negativu huwa nyeusi zaidi. Nusu yangu imekubali. Nusu nyingine bado haitaki kuipa skana mgongo.

Leo saa nane mama akaja mwenyewe, kwa miguu, ana karanga kwenye kitenge, zawadi yangu. Uso umechangamka. Akakaa bila kukaribishwa akasema, "Iwashe tena, nimwone anavyokataa."

Ningeweza kuirudisha ile alama. Ni kubonyeza mara moja tu. Angecheka tena, angeenda zake, na wiki ijayo angekuja tena, na ijayo, kuuliza habari za mwanawe kwenye kompyuta yangu. Nilimfikiria Elisha. Niliifikiria Jumapili. Na niseme kweli, maana nimeahidi kutojidanganya: nilitaka pia kuona kama nimeweza. Nilitaka mashine yangu ifanye kazi.

Sikuirudisha.

Wa kwanza akatokea. Wa pili akatokea. Bega, shati, kola. Kisha kidevu. Kisha mdomo unaotaka kucheka, jino moja limemeguka. Kisha macho, yote mawili, yanatutazama.

Mama hakupiga kelele. Aligusa kioo, akaondoa mkono haraka. Akasema taratibu, bila hasira, "Juzi alikataa. Leo umemlazimisha."

Nilitaka nimweleze habari ya alama na vumbi. Ungemwambia nini mtu kama yule?

Akateremka kwenye kiti, akakaa sakafuni, akafungua kilemba. Ndipo akalia. Kilio cha miaka yote ile kwa mkupuo mmoja, mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akaja mbio na utepe wake shingoni, na wauza mitumba nyuma yake, na mlango ukajaa watu.

"Nani? Nani amefariki?"

Mama akazidi kulia. Wakanigeukia mimi.

Nikasema, Yoeli.

Wakauliza, lini?

Nikajisikia nasema: sasa hivi.