Keki ya Siku ya Jina la Etelka

Piroska mwanangu,

Kuku wameshakula. Ufunguo wa stoo uko msumarini. Keki ipo hapo mezani, ~~kata kipande ule~~ usiiguse mpaka nirudi kutoka makaburini.

Leo kalenda inaonyesha Etelka, siku ya jina la marehemu mama yako, nikasema nimwokee ile yake ya matabaka sita. Nikayeyusha sukari ikawa karameli, nikaimwaga juu ya tabaka la mwisho. Unajua lazima ikatwe ingali ya moto, ikishaganda inapasuka kama kioo. Mara nikasikia nyuma yangu, "Mzee wewe, kisu kipake siagi kwanza." Nikageuka nimjibu. Hakuna mtu. Kugeukia tena mezani, karameli imeshakatwa vipande kumi na viwili, vimenyooka. Mikono yangu hii inayotetemeka haijawahi kukata hivyo.

Wakubwa wa wilaya wasingetufungia zahanati, mama yako angewahi kutibiwa, na leo angekuwa anakata nikimwona.

Basi hizo karatasi za kuuza nyumba ulizoniletea nisaini, rudi nazo mjini Szeged, na mnunuzi mwambie asije. Mimi ningehama hata leo. Lakini mama yako yumo humu, na simwachi peke yake na wageni.

Baba