Mapipa Sita ya Upande wa Kushoto

Jumatano, 10 Februari 1943

Atlantiki. Baridi ya kukata masikio. Shajara ni marufuku melini — basi anayeitaka hii na aje aipekue chini ya blanketi langu! Manowari yetu Thornwick inatimiza miaka mitatu leo. Misafara kumi na tisa ya meli za mizigo tumeisindikiza, Malta mara mbili, nyambizi moja tumeizamisha, na hakuna hata mtu mmoja aliyezama. Meli nyingine zinatuonea wivu, na zina haki.

Mimi na Alf Rudge ndio wenye mapipa ya baruti, yale ya kuangushia nyambizi. Pipa hulipuka likifika kina lilichopangiwa, isipokuwa umelifunga kwa ufunguo. Funguo zilikuwa mbili. Jana Alf kaudondosha wake baharini akipiga chafya! Nimemcheka mpaka mbavu zikauma. Umebaki wangu.

Ijumaa, 12 Februari

Tumeigonga! Nyambizi iliibuka mbele yetu, nahodha akaielekezea pua ya meli kwa mbio zote. Imekatika vipande viwili. Tumeimba hadi sauti zikakauka. Pua yetu imepondeka, maji yanaingia — si kitu. Thornwick haizami.

Jumamosi, 13 Februari

Maji yamezidi. Nahodha kaamuru tuhamie meli ndogo inayotuvuta, wabaki thelathini wa kupiga pampu, na mapipa yote yafungwe. Meli ikizama na pipa lililo wazi, hulipuka chini ya wanaoogelea. Haponi mtu.

Nilifunga ya kulia. Yalibaki sita ya kushoto, nikakumbuka daftari hili chini ya blanketi. Nikamwomba Alf ayamalizie nikilifuata, ramu yangu ya kesho mchana iwe yake. Ndivyo tunavyolipana fadhila hapa. Akaitikia kwa kichwa. Yeye kabaki kwenye pampu. Mimi niko huku kwenye meli ndogo, na daftari ni kavu kabisa.

Jumapili, 14 Februari

Saa sita tumegawiwa ramu. Natia mkono mfukoni kutafuta kiberiti — ufunguo! Niliondoka nao. Alf alidhani narudi kumpa.

Nilipanda ngazi mbio hadi kwa Luteni Maddocks, nikamwambia yote, hata la daftari.

"Uliacha mapipa sita ukafuate daftari, Hebden?"

"Ndiyo, afande."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akamwita mtu wa taa apeleke ishara.

Pua ya Thornwick imeshazama. Jibu la kwanza: Rudge anayafunga kwa koleo, kamba kiunoni, na nahodha hamruhusu mtu kuruka majini mpaka amalize. Wenzake wote waliobaki wamesimama huko nyuma ya meli wakimngoja.

Taa tena. Manne tayari. Rudge anasema ramu yake isiguswe.

Sijaigusa. Meli inayumba, nimekishika kikombe kwa mkono wa kushoto huku naandika kwa wa kulia. Naogopa. Naona aibu. Tone moja halijamwagika.

Mawili bado.